Pikapu ya zamani na mazutu yetu



Swali linalorudi katika kaye yetu ya maswali tangu mavuno ni hili: mbona pikapu tunayokodi kwa kushusha mihogo, mahindi na maharage inakunywa mazutu mengi kuliko mwaka jana, na njia ni ile ile? Mwenye gari anajibu kwa neno moja: «Limezeeka.» Shofere anaongeza: «Mlima, mama.» Wote wawili wanasema kweli. Lakini kuna kweli nyingine wanayoiacha, na hiyo ndiyo inatoka katika mfuko wetu.

Wengi wetu tunakodi namna hii: mwenye gari tunampa franga zake za safari, na mazutu tunayanunua sisi wenyewe, kwa bidoni, kwa Kadhafi wa kando ya njia. Utazameni vizuri mpango huo. Anayelipa mazutu ni kikundi. Anayepaswa kununua filtri, kutengeneza breki na kutunza mipira ni mwenye gari. Filtri ikiziba, hasara haimgusi yeye, inamgusa mama aliyeketi juu ya mifuko. Kwa hiyo filtri inakaa miaka. Simwiti mwenye gari mtu mbaya, maana hata mimi nisingekimbilia kununua kitu ambacho faida yake inakwenda kwa jirani. Ila sasa jirani mwenyewe ni lazima aamke aulize.

Ili kuuliza vizuri, tujue kidogo namna motere inavyofanya kazi. Si kitu kigumu kwa mtu anayepika kila siku. Motere ya mazutu ni kama mbabula. Makaa yakikosa hewa, moshi unajaa na chungu hakichemki. Ukiongeza makaa bila kuongeza hewa, moshi unazidi tu. Ndani ya motere hewa inabanwa kwa nguvu, zaidi ya mara 20 katika motere za mazutu za Hilux na Land Cruiser za zamani, mpaka inapata joto la kuwasha mazutu bila buji. Hewa ikiwa kidogo, mazutu hayaungui yote. Yanayobaki yanatoka nyuma yakiwa moshi mweusi. Basi mkiona wingu jeusi nyuma ya gari mlilokodi, hizo ni franga zenu zinapaa.

Kitu cha kwanza cha kutazama ni filtri ya hewa. Ni karatasi ngumu iliyokunjwakunjwa, imefungwa ndani ya kisanduku karibu na motere. Katika kiangazi vumbi letu jekundu linaiziba upesi. Mwombeni shofere aitoe, mkipenda mtie tochi upande wa ndani: mwanga usipopita, hewa nayo haipiti. Kwado mwenye mashine ya upepo anaweza kuipuliza, kutoka ndani kwenda nje na si kinyume, bila kusogeza mdomo wa bomba karibu sana, kwani karatasi itapasuka. Filtri ya karatasi haioshwi kwa maji wala kwa esansi. Ikiwa imepasuka, inunuliwe nyingine. Na wale mashofere wanaoiondoa kabisa ili gari «lipumue»? Kwa siku chache nguvu inarudi kweli. Kisha vumbi linaingia na kusaga ndani ya motere kama jiwe la kusagia, mpaka motere inaanza kula mafuta yake yenyewe, na moshi unakuwa wa buluu. Hapo gharama si ya filtri tena.

Wenye pikapu ya esansi ya zamani, ile yenye karbiratere, wajue hesabu hii iliyotolewa na serikali ya Marekani: kubadilisha filtri iliyoziba kwenye motere za namna hiyo kunapunguza esansi kwa asilimia 2 hadi 6, na zaidi ya hapo kama ilikuwa imeziba kabisa. Watazame pia buji zao.

Sasa tuje kwa mlima, maana shofere hadanganyi. Ziwa letu liko mita 773 juu ya bahari. Huko Marungu milima inapita mita 2,000. Kila mita 1,000 unazopanda, hewa inapungua karibu sehemu moja juu ya kumi, na motere isiyo na turbo inapoteza nguvu karibu kwa kipimo hicho hicho. Dawa ya mlima ni kushuka vitesi mapema, kupunguza mzigo na kuacha motere izunguke kwa utulivu. Kukanyaga mpaka chini kunamwaga mazutu mahali hewa haipo.

Hapa kuna kosa moja ambalo limekuwa kama desturi. Gari likikosa nguvu, mwenyewe anamwita mekanisie, na mekanisie anafungua skrubu ya pompe ili mazutu yaingie mengi. Kwenye mwamba wa kwanza wote wanashangilia. Lakini kama filtri imeziba, au pua za enjektere zimechoka na zinatema mazutu kama bomba la maji badala ya kuyapuliza kama ukungu, kuongeza mazutu ni kuongeza makaa kwenye mbabula iliyofunikwa. Moshi unakuwa mweusi zaidi, motere inachemka, na siku moja kulasi inapasuka. Utaratibu wa kweli ni hewa kwanza, kisha filtri ya mazutu, kisha enjektere zipimwe na mtu mwenye chombo cha kuzipimia, na pompe mwisho. Nguvu na uchumi wa mazutu vinatoka kwenye mahali pamoja: mazutu yaliyoungua yote.

Nisimame kidogo kwenye mteremko, kwa sababu huko hatuhesabu franga peke yake. Toka Kirungu kushuka Moba-Port, kuna mashofere wanaoweka gari kwenye nyutro, wengine wanazima motere kabisa, wakisema wanatuwekea akiba. Wamama, hiyo akiba haipo. Motere ya mazutu ikiwa ndani ya vitesi na mguu umeondolewa kwenye gazi, pompe inafunga mazutu. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha motere, nayo hainywi kitu mpaka gari lipunguze mwendo sana. Kwenye nyutro, kinyume chake, motere inakunywa kidogo kidogo ili isizimike. Kwa hiyo kushuka ndani ya vitesi ndiko kunakookoa mazutu, na motere yenyewe inashika gari kama breki ya pili.

Akizima motere ni mbaya zaidi. Msaada wa breki unatengenezwa na motere ikizunguka. Ikizimwa, shofere anapata mikanyago michache tu myepesi, halafu pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Juu ya mifuko wako wamama na watoto mgongoni. Hapo mama yeyote ana haki ya kusema, kwa heshima lakini kwa sauti ya kusikika: «Papa shofere, tushuke na vitesi, tafadhali. Mazutu ni yetu, tumekubali.» Akikataa, mwambieni asimame mshuke, hata kama mihogo itachelewa mashua.

Mambo mengine ni madogo, na mengi hayaombi mekanisie.

Mipira. Kwenye mchanga au matope shofere anatoa hewa ili gari lisizame, kisha anasahau kuirudisha. Mpira laini unavuta gari nyuma, na chini ya mzigo unapata joto mpaka unapasuka. Kipimo cha hewa kimeandikwa kwenye kibandiko, mara nyingi kwenye fremu ya mlango wa shofere, na cha gari lenye mzigo si sawa na cha gari tupu. Mlipeni kwado nyinyi wenyewe kabla ya kuondoka. Ni franga chache.

Breki inayoshika. Mkisimama baada ya kwenda kipande cha njia, pitisheni kiganja karibu na kila gurudumu, bila kuligusa. Moja likiwa na joto kuliko mengine, breki yake haiachii, na motere inavuta gari huku ikipigana na breki hiyo. Nguvu inayopotea hapo hakuna filtri itakayoirudisha.

Maji ndani ya mazutu. Bidoni inayosafiri ziwani na kukaa nje inaingiwa na maji. Mazutu yaacheni yatulie usiku mzima, maji yanashuka chini kwa sababu ni mazito kuliko mazutu. Mimineni polepole kwa kitambaa safi, na vidole viwili vya chini msivimimine. Chini ya filtri ya mazutu ya magari mengi kuna skrubu ndogo ya kutolea maji; mwulizeni shofere aliifungua lini mara ya mwisho. Akiuliza «skrubu gani?», mmeshapata jibu.

Tone. Hili nawapa watoto wa darasa la sita. Bomba ndogo inavuja tone 1 kila sekunde. Kwa saa 8 za njia ni sekunde 28,800, basi matone 28,800. Tukisema matone 25 yanafanya mililita 1, ni mililita 1,152. Zaidi ya lita 1, chini ya gari, barabarani. Tazameni ardhi pale gari liliposimama.

Kalorstati. Ni kifuniko kidogo kinachozuia maji ya radiyatere mpaka motere ipate joto lake. Mafundi wengi wanaiondoa wakidhani wanasaidia motere isichemke. Motere inayofanya kazi ikiwa baridi inakunywa zaidi na inachakaa upesi. Kama motere inachemka, kasoro itafutwe mahali ilipo, mara nyingi ni radiyatere chafu au mkanda uliolegea.

Na kusubiri. Wakati tunapakia na kubishana juu ya nafasi, motere ikiunguruma, inakunywa karibu nusu lita hadi lita moja kwa saa. Kama stata yake ni nzima, izimwe. Kama si nzima na gari ni la kusukumwa, basi mizigo yote iwe imefungwa na kupangwa kabla gari halijafika. Hilo liko juu yetu, tusimtupie shofere.

Kuna pia chupa za dawa na sumaku zinazouzwa kwa ahadi ya kupunguza mazutu kwa nusu. Ofisi ya Marekani inayosimamia mazingira, EPA, imechunguza zaidi ya vifaa 100 vya namna hiyo. Vilivyosaidia vilikuwa vichache sana, na msaada wenyewe ulikuwa mdogo. Hizo franga nunueni filtri.

Mtajuaje kama kuna kilichobadilika? Kwa kaye. Jazeni tangi mpaka shingoni kabla ya safari, andikeni kilomita, mkirudi jazeni tena mpaka shingoni na kuandika lita zilizoingia. Tuseme gari limekwenda kilomita 120, zimeingia lita 18: gawanyeni 18 kwa 120, zidisheni kwa 100, mnapata lita 15 kwa kilomita 100. Katika magari yetu ya zamani mara nyingi kihesabu kilomita kimekufa. Haidhuru. Chukueni safari ile ile, idadi ile ile ya mifuko, na mlinganishe lita peke yake. Safari moja haitoshi, kwa sababu mvua na matope vinabadilisha hesabu. Andikeni tatu kabla ya matengenezo na tatu baada yake. Na mpimeni bidoni ya Kadhafi kwa chupa ya lita moja mnayoijua, maana kuna bidoni za lita 20 ambazo chini yake zimesukumwa ndani.

Kaye hiyo ndiyo ya kumpelekea mwenye gari. Mwacheni aone mwenyewe kwamba safari iliyokula lita 18 ilikula 16 baada ya filtri na mipira. Kisha jadilianeni. Njia ya kwanza: kikundi kinunue filtri, na bei yake ikatwe kwenye malipo ya safari inayofuata. Njia ya pili, ambayo mimi naiona bora: tulipe bei moja kwa kila mfuko, mazutu yakiwa juu ya mwenye gari. Siku mazutu yatakapotoka mfukoni mwake, atajua mwenyewe filtri inauzwa wapi. Ila msikubali bei ya mfuko kabla ya kuwa na kaye, la sivyo atahesabu mazutu kwa kipimo cha gari bovu na bei hiyo itabaki hata gari likipona. Na idadi ya mifuko iandikwe kwenye mapatano, kwa kuwa anayelipwa kwa mfuko atataka kuongeza kumi juu.

Vikundi vitakavyofanya safari zao sita, nileteeni kaye kwenye mkutano wa mwezi ujao, hata kama lita hazikupungua. Andikeni pia aina ya gari, idadi ya mifuko na hali ya njia. Nitazipanga hesabu hizo ubaoni ili tuone kwa pamoja bei ya mfuko mmoja toka Kirungu hadi bandarini ingepaswa kuwa ngapi.