Waacheni Watoto Wakwee Majabali

Katika mkutano wetu wa ukoo uliofanywa baada ya Idd lilitolewa shauri kwamba safari za vijana za kwenda kukwea majabali zisimamishwe, na baadhi ya wazee wakaongeza kuwa kwa watoto wa kike zikomeshwe moja kwa moja. Shauri halikukatwa, limewekwa mpaka mkutano ujao. Kwa kuwa kitabu hiki kitafika majumbani kabla ya siku hiyo, nimeomba nafasi nipate kusema wazi kwamba mie silikubali shauri hilo, na sababu zangu ni hizi.

Kwanza niwaeleze wenzetu wa Muscat, Dubai na Toronto, ambao habari wamezipata kwa simu tu na pengine wanadhani watoto wananing'inizwa milimani kwa kamba. Sivyo. Majabali yenyewe yako Stanage na Burbage, magharibi ya Sheffield, mwendo wa kiasi cha nusu saa kwa gari. Stanage ni ukingo wa mawe wa urefu wa maili 4 hivi, na chini yake, katikati ya majani na kangaga, yametapakaa majabali makubwa yaliyomeguka juu zama za zama. Mengi kimo chake ni cha watu wawili waliosimamiana mabegani, au chini ya hapo. Mchezo ni kulikwea jabali moja la namna hiyo kwa mikono na miguu mitupu, bila ya kamba, na chini hutandikwa magodoro mazito ya kukunja ambayo vijana huyabeba migongoni kama wachukuzi wa bandarini. Viatu ni vya raba, vya kubana sana. Mikononi hujipaka chaki. Mie niliyekula vumbi la chaki miaka 34 darasani nilicheka nilipoiona, ila yao si ile ya ubaoni; ni unga wa magnesiamu unaokausha jasho la vidole.

Kila njia ya kulikwea jabali ina jina lake na daraja yake ya ugumu, na imeandikwa vitabuni. Na hiyo njia Waingereza wameipa neno lile lile wanalolitumia kwa swali la hesabu. Basi na mie nitaiita swali, kwani neno limekaa mahala pake. Aliyeufanya mchezo huu kuwa kazi ya akili, tangu miaka ya 1950 huko Marekani, ni John Gill, mtu wa mazoezi ya viungo ambaye pia alikuwa mwalimu wa hesabu wa chuo kikuu. Yeye ndiye aliyeitoa chaki kwenye kumbi za mazoezi akaipeleka majabalini. Aliweka daraja tatu tu za ugumu, na ile ya tatu ilikuwa ni ya swali lililopata kukwewa na mtu mmoja peke yake. Akitokea wa pili akaliweza, swali linashushwa daraja. Ningelikuwa na uwezo ningelisahihisha mitihani yangu kwa kipimo hicho.

Nimekwenda nao mara nyingi. Nakaa juu ya jiwe na chupa yangu ya chai na mablanketi mawili, maana upepo wa kule hauna huruma. Nimemtazama kijana wetu mmoja wa miaka 15 akifanya swali lenye hatua sita. Kijana huyu, wazee wake wanajua, nyumbani kitu kikimshinda dakika kumi anakiacha akarudi kwenye simu yake. Siku ile alianguka kwenye hatua ya pili mara saba. Akakaa chini, akalitazama jabali. Akachukua kiburashi akasafisha mahali pa kushika. Akajaribu kuweka mguu wa kulia palipokuwa na wa kushoto, akaanguka tena. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyemfundisha nyumbani wala skuli: akaiacha hatua ya pili, akawaomba wenzake wamnyanyue, akaanza na hatua mbili za mwisho mpaka zikamkaa mwilini. Halafu akarudi nyuma moja, akaziunga tatu. Jua likachwa hajalimaliza. Tukarudi wiki ya pili, mvua. Jiwe likiwa maji halikwewi, kwa sababu halishikiki na vishikio vyembamba huweza kumeguka. Wiki ya nne, kukiwa na baridi ya kuganda vidole, akalimaliza kwa muda mfupi kuliko huu ninaotumia kulisimulia.

Waliosoma chuoni watautambua mwendo huu. Mwalimu wetu hakuwa akimpa mtoto sura nzima kwa siku moja. Alimpa aya moja, na aya ikiwa ndefu aliikata, mpaka ulimi ukaizoea. Ndipo ikaungwa na ile ya jana. Aliyekosea hakufukuzwa, alirudishwa mwanzo wa kipande chake. Skuli ya sekondari nilikutana na njia nyingine, ya kukimbilia jawabu kwa saa ya ukutani, na hiyo ndiyo iliyoshinda katika nyumba zetu za ugenini. Mtoto akipata alama nzuri tunapiga simu mpaka Mombasa. Akipata mbaya, karatasi hufichwa chini ya mto. Tumewalea watoto wanaoogopa kuonekana wakishindwa, na sisi wenyewe tunawajibia kila swali kabla hawajalisoma. Majabalini mtoto anashindwa mbele ya binamu zake wote, mara ishirini, na hakuna anayemcheka, kwani kila mmoja ana lake lililomshinda.

Na huko kuna adabu moja ambayo ningependa kuiona sebuleni kwetu. Maelekezo ya namna ya kulifumbua swali, yaani mkono huu hapa na kisigino kile pale, wakweaji huyaita «beta», na wanavyosimulia, jina limetokana na zile kanda za video za Betamax ambazo baadhi yenu mngali nazo kabatini na picha za harusi. Basi mtu hampi mwenzake beta bila ya kuombwa. Ni kukosa adabu. Humwacha atafute, na akitaka atauliza. Mie nilipokatazwa kuelekeza niliona tabu, lakini nikishaombwa naelekeza kwa Kiswahili tu, na asiyejua kisigino, kifundo na kidole gumba hana msaada kwangu. Watoto ambao kwa miaka sikuwapata kunijibu ila kwa Kiingereza sasa wanapigiana kelele chini ya jabali: «Mguu wa kushoto! Juu kidogo! Kaza!» Sitaki kulikuza jambo hili, lakini darasa letu la Jumamosi halijapata kufanya hivyo.

Sasa nije kwenye mkono uliovunjika, maana hapo ndipo shauri lilipoanzia. Nilikuwapo. Mtoto hakuanguka kutoka juu ya jabali. Alikuwa ameshuka mpaka kimo cha meza, akaruka, mguu ukaingia kwenye mwanya baina ya magodoro mawili, naye akatanguliza mkono nyuma kujizuia. Kifundo kikavunjika. Alifungwa plasta, akapona, na daktari akamruhusu kurudi. Sisemi kwamba ni jambo dogo, na mama yake ana haki ya uchungu wake. Lakini tuseme lilivyokuwa. Katika mchezo huu kila anayeanguka anafika chini, hakuna kamba ya kumdaka, na kwa hivyo miguu na vifundo vya mikono ndivyo vinavyoumia zaidi. Dawa yake inajulikana. Magodoro yapandiane, kusiwe na mwanya. Mmoja au wawili wasimame nyuma ya mkweaji, mikono mbele, si kwa kumdaka kama mpira bali kumwelekeza aangukie miguu na kichwa kiwe salama. Watoto wadogo wasicheze chini ya aliye juu. Njia ya kushukia itazamwe kabla ya kupanda. Asiende mtu peke yake. Na wale walio chini ya miaka 16 wasipewe mazoezi mazito ya kuning'inia kwa ncha za vidole, kwa sababu mifupa ya vidole vyao ingali na sehemu laini za kukulia, na zikiumia huweza kuharibu kidole kwa umri mzima. Hilo la mwisho ndilo linalonitia hofu zaidi kuliko kuanguka, na katika mkutano halikutajwa hata kwa neno.

Tena, tusijifanye kuwa sisi ni watu tusiojua kupanda. Babu zetu walikwea minazi kila kukicha. Waliochuma karafuu Pemba wanajua kwamba tawi la mkarafuu huvunjika bila ya kutoa taarifa, na watu walianguka, na wengine hawakuinuka. Hakuna mkutano uliokaa kukataza, kwa sababu karafuu ilikuwa ni fedha. Kinachotushinda leo ni kwamba mtoto anapanda na kushuka mikono mitupu.

Mzee mmoja ninayemheshimu sana alisema: «Kule si kwetu.» Maneno haya nimeyafikiri muda mrefu kuliko mengine yote. Ni kweli kwamba siku za mwanzo watu walitutazama, vijana weusi na wasichana wenye mitandio wakibeba magodoro. Wengine walitutazama kwa udadisi, mmoja au wawili kwa ubaya, na wengi zaidi walikuja kuuliza swali gani linafanywa wakakaa kushangilia. Lakini kule kulikuwa kwa nani? Zamani mashamba ya milimani yalikuwa ya matajiri, yamefungwa kwa ajili ya kuwinda ndege, na mfanyakazi wa kiwandani akifukuzwa na walinzi. Tarehe 24 Aprili 1932 vijana wa Manchester na Sheffield, makabwela watupu, walipanda mlima Kinder Scout kwa makusudi bila ya ruhusa, na watano kati yao wakafungwa jela. Mwaka 1951 nchi yote ile ikafanywa hifadhi ya taifa, ya kwanza Uingereza. Mwaka 2000 ikatoka sheria inayompa kila mtu haki ya kutembea kwa miguu katika nyika na milima iliyotiwa kwenye ramani zake. Haki ile haikuandikwa kwa rangi ya mtu wala kwa alipozaliwa babu yake. Watoto wetu wamezaliwa katika hospitali za mji ule. Tukiwaambia si kwao, je, tuwaambie kwao ni wapi, hali wengi wao Unguja hawakuijua ila kwenye harusi?

Nimeyaona huko mawe ya kusagia, yamechongwa mviringo kamili na kuachwa chini ya ukingo tangu biashara yake ilipokufa. Mjukuu wangu aliniuliza ni nini. Nikamweleza jiwe la kusagia, na mtama, na bibi yangu. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo nyumbani halitokei.

Juu ya watoto wa kike sitasema mengi, kwani sikusikia hoja, nilisikia mazoea. Wanavaa suruali ndefu na mtandio uliokazwa vizuri, wapo pamoja na kaka zao na mama zao wadogo, na jabali halimtazami mtu. Mchezo huu umeingia katika Olimpiki tangu michezo ya Tokyo iliyofanywa mwaka 2021, na msichana wa Slovenia, Janja Garnbret, alichukua dhahabu pale na akaichukua tena Paris mwaka 2024. Wasichana wetu wanamjua kama sisi tulivyowajua wachezaji wa mpira. Na kwa ninavyowaona, wao hulifikiri swali kabla ya kuligusa, na wavulana huligusa kwanza. Mwenye hoja ya kweli na ailete mkutanoni, nitaisikiliza.

Wapo waliouliza: faida yake nini, mwaka mzima kwa jiwe moja? Huko Ufini liko jabali ambalo Nalle Hukkataival alilirudia tangu 2013 mpaka akalikwea 2016, hatua chache tu, na swali lile akaliita Burden of Dreams. Kulikuwa hakuna gumu zaidi lililopata kukwewa. Mtu wa pili, Will Bosi wa Scotland, hakuliweza mpaka Aprili 2023, naye kabla ya hapo alikuwa amejitengenezea nyumbani mfano wa vishikio vyake akavifanyia mazoezi. Sitaraji hayo kwa watoto wetu. Ninalosema ni kwamba mtu aliyezoea kurudi kwenye jambo moja mpaka likampa njia, siku atakapokutana na ugonjwa, au mtihani wa udaktari, au mume mgumu, hatakuwa mgeni wa kurudi.

Kwa hivyo badala ya shauri lililowekwa, mie naleta hili. Safari ziendelee, mara mbili kwa mwezi, kuanzia Oktoba hadi Machi, kwa kuwa jiwe lile hushika vizuri zaidi kwenye baridi, na pia majira ya kuchipua kuna ndege wanaotaga kwenye ukingo na sehemu nyingine huombwa ziachwe. Mfuko wa ukoo ununue magodoro mawili zaidi, makubwa. Kila safari iwe na watu wazima wawili waliofundishwa namna ya kusimama nyuma ya mkweaji. Mafunzo yenyewe ni ya asubuhi moja. Mzazi asiyetaka mtoto wake aende asilazimishwe, wala asiwazuilie wa wenzake. Walio tayari kuja waandikishe majina kwa katibu kabla ya mwisho wa Septemba, na waje na makoti mazito na chai yao wenyewe, kwani yangu hainitoshi mie.