Meza ikipata alama, usikimbilie kuiuza

Nyumbani kwa wazazi wangu kuna meza ya kulia ya mninga, ya watu sita. Sikukuu moja sufuria ya pilau iliwekwa juu yake bila kitambaa. Ilipoondolewa, iliacha duara jeupe katikati. Seremala aliyeitwa kuitazama alisema meza imekwisha, akatoa bei ndogo ya kuichukua na kubwa ya kututengenezea mpya.

Tulikataa, na meza ile ipo hadi leo. Kilichoharibika hakikuwa mbao, bali vanishi.

Hapo ndipo familia nyingi na wenye migahawa hupoteza fedha. Mninga hukua kwa miongo mingi kabla ya kufaa kupasuliwa mbao, wakati vanishi hupakwa kwa siku mbili tatu. Anayeuza meza kwa sababu ya vanishi ni sawa na anayeuza ng'ombe kwa sababu ana kupe.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme meza mpya ni sh 600,000 na ya zamani inanunuliwa kwa sh 100,000. Ukibadilisha, mfukoni zinatoka sh 500,000. Ikiwa msasa, vanishi na ujira wa fundi ni sh 80,000, umebakiza sh 420,000. Kwa mkulima hiyo ni mbegu na mbolea. Kwa mwenye mgahawa ni mtaji wa mchele na mafuta.

Lakini kabla ya kulipa, jua uharibifu umefika wapi. Alama nyeupe kwa kawaida ni unyevu ulionaswa ndani ya vanishi. Kausha meza, paka mafuta ya mgando kidogo juu ya alama, acha usiku kucha, kisha futa asubuhi. Mara nyingi alama hufifia, na gharama yake ni ndogo sana.

Vanishi ikiwa imebanduka au kuchunika, kazi ni ya msasa. Anza na namba 120, fuata 180, malizia na 240, ukisugua kufuata nyuzi za mbao, kamwe si kwa kuzikata. Futa vumbi lote. Paka vanishi nyepesi mara tatu, kila mara ukiacha ikauke kama kopo linavyoelekeza na kuisugua kidogo kwa msasa laini kabla ya kupaka tena. Fanyia kazi hiyo mahali penye hewa lakini pasipo na upepo wa vumbi.

Alama nyeusi ni habari nyingine. Mara nyingi maji yameshapenya hadi kwenye mbao, hivyo vanishi yote iondolewe na fundi mzoefu aitwe.

Tazama pia ukingo wa meza. Ukiona juu kuna ngozi nyembamba tu ya mbao iliyobandikwa kwenye unga wa mbao uliogandamizwa, usitumie msasa kwa nguvu. Utaitoboa, na hapo hasara itakuwa ya kweli.

Kwa maseremala wetu, kuanzia Keko jijini Dar es Salaam hadi wa vijijini, nina neno. Wengi wenu mnaona ukarabati kama kazi ya kupoteza muda, kwa kuwa faida kubwa iko kwenye meza mpya. Lakini meza mpya huuzwa kwa mteja yuleyule mara moja kwa miaka mingi, tena inahitaji mtaji wa mbao. Ukarabati unahitaji msasa, kopo la vanishi na uaminifu. Andikeni bei zake ukutani kama mnavyotangaza vitanda na makabati. Fundi aliyeniokolea meza yangu ndiye nitakayemwendea siku nikitaka kabati.

Na wewe mwenye meza, fundi akikuambia imekwisha, muulize swali moja kabla ya kupokea fedha zake: kilichokwisha ni mbao au ni vanishi?