Gramu ya dhahabu inaandikwa, kidonda hakiandikwi

Makamanda, leo tuongelee usaha.

Najua siyo mada ya jukwaani. Ila mdogo wangu aliumizwa na jiwe duarani huku kwetu Masumbwe, kidonda cha kawaida tu mguuni. Duka la dawa wakampa rangi mbili. Mguu ukavimba. Akalazwa, wakabadilisha vidonge, baadaye sindano. Kila mmoja alikuwa anabahatisha, na siwalaumu sana, maana hawakuwa na pa kupimia. Mpaka tulipofika Bugando, Mwanza, ndipo wakachukua usaha, wakauotesha maabara, na baada ya siku kadhaa tukaambiwa: mdudu huyu hasikii dawa hata moja kati ya mlizotumia, jaribuni hii.

Mguu umepona. Lakini yule mdudu alitoka wapi? Duarani, au kitandani alikolazwa mwanzo? Kama ni wodini, aliyelala pale baada yake naye kaondoka naye. Wagonjwa watatu wa wodi moja wakiandikwa na mdudu yuleyule, unajua pa kusafisha na dawa ya kuacha. Wasipoandikwa, unazika tu.

Sasa angalia dhahabu. Tangu masoko ya madini yafunguliwe 2019, gramu ya mchimbaji mdogo inapimwa, inaandikwa, inakatwa mrabaha. Serikali ikitaka kufuatilia kitu inaweza, bwana!

Na haiwezi kusema haikujua. Utafiti wa Muhimbili uliochapishwa 2007 ulionyesha kundi moja la bakteria wa kwenye damu likiua watoto waliolazwa kwa kiwango zaidi ya mara mbili ya malaria. Mpango wa Taifa wa kupambana na usugu wa dawa ulikuwepo wa 2017 hadi 2022, sasa tuko kwenye wa pili, 2023 hadi 2028. Sehemu ya kazi ya maabara ilibebwa na Fleming Fund ya Uingereza, na Julai 2025 Waingereza wakatangaza kuufuta mfuko huo. Yaani mkoa wa Geita, na dhahabu yote hii, usaha wetu unasubiri hela ya London!

Vijana wa Mbogwe, baraza la madiwani likikaa twende. Swali tulipeleke mapema kwa maandishi: kwenye bajeti ya afya ya halmashauri, shilingi ngapi ni za kuotesha vimelea, na majibu yanapelekwa kwa nani? Karatasi za Bugando nitakuja nazo mimi.