Mbwa Wako, Mtoto wa Jirani Yako



Juma hili napenda tutafakari jambo ambalo baadhi yenu mtaliona dogo, lisilostahili kalamu ya padri. Nazungumzia mbwa na paka wa majumbani mwetu, na kliniki ndogo ya mifugo iliyopo mtaani, ambayo wengi tunaipita kila siku tukielekea sokoni bila kujua mlango wake unafunguka upande gani. Mfugaji wa ng'ombe anaijua. Mwenye kuku wa kisasa anaijua sana. Mwenye mbwa haijui, na ukimwuliza sababu atacheka na kukujibu: “Padri, watu wenyewe hawana dawa, nami nimpeleke mbwa hospitali?”

Jibu hilo nimelisikia mara nyingi, na hutolewa kwa sauti ya uchaji, kana kwamba msemaji anawaonea huruma maskini. Tena lina mahali pa kuegemea. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2418, inakataza kuwatesa wanyama pasipo sababu, na papo hapo inaonya kwamba si vema kutumia kwa ajili yao fedha ambazo zingepaswa kwanza kupunguza taabu za wanadamu. Basi ndugu huyo anadhani kwamba Kanisa limesimama upande wake. Mimi nasema halikusimama upande wake hata kidogo.

Tuutazame kwanza ugonjwa wenyewe, yaani kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huo kila mwaka, wengi mno wakiwa wa Asia na Afrika, na kwamba katika kila wagonjwa 100, 99 wameambukizwa na mbwa. Katika kila watu kumi wanaong'atwa na mnyama anayeshukiwa kuwa na ugonjwa, wanne ni watoto wenye umri chini ya miaka 15. Dalili zikishajitokeza, daktari wa Maweni hana la kufanya, wala wa Muhimbili, wala wa Ulaya. Karibu kila mgonjwa hufa. Hapa nchini, utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulikadiria vifo vipatavyo 1,500 kwa mwaka, hesabu inayofikia mara mia ya vifo vilivyoandikwa rasmi. Msishangae tofauti hiyo. Dalili huweza kuchelewa miezi miwili au mitatu baada ya jeraha, pengine hata mwaka, na jeraha limekwisha kusahauliwa. Mtoto anaanza kuogopa maji, anaweweseka, anapiga kelele. Nyumbani wanasema ni pepo, ama amerogwa, na badala ya kumkumbuka mbwa wanaanza kumtafuta mchawi miongoni mwa jirani. Kwa hiyo mbwa mmoja asiyechanjwa anaweza kumwua mtoto na kisha kumchafulia bibi kizee asiye na hatia jina lake. Jambo hilo linaniumiza kama padri kuliko ninavyoweza kueleza.

Kinga yake inajulikana. Louis Pasteur alimchanja binadamu wa kwanza mwezi Julai mwaka 1885, na leo wataalamu wanakubaliana kwamba tukichanja walau mbwa 70 katika kila 100, na kurudia mwaka hata mwaka, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Mbwa anachomwa sindano moja kwa mwaka. Binadamu aliyeng'atwa anahitaji sindano kadhaa kwa siku zilizopangwa, na mara nyingi gharama hutoka mfukoni mwake mwenyewe, pamoja na nauli ya kwenda na kurudi. Mtoto wa kijiji cha mwambao kama Mwamgongo, kule kaskazini mwa Gombe, hufika mjini kwa boti, tena pengine ziwa limechafuka.

Sasa turudi kwa ndugu yetu mwenye huruma kwa maskini. Fedha aliyookoa kwa kutomchanja mbwa wake hakuipeleka kwa maskini yeyote. Alichokifanya ni kuhamisha deni lake na kulibwaga mlangoni kwa mama auzaye dagaa Kibirizi, ambaye mwanawe ameng'atwa. Deni hilo limekua mara nyingi, nalo linadaiwa siku hiyo hiyo. Katekisimu inasema taabu ya binadamu itangulie. Sawasawa! Kwa sababu hiyo hiyo, mchanje mbwa.

Liko jambo lingine linalotuhusu sisi wa Kigoma na hasa Ujiji. Majirani zetu wengi ni Waislamu, na wengi wao hawafugi mbwa. Mbwa wanaobweka usiku nyuma ya mageti yetu, mara nyingi ni wetu sisi Wakristo. Asubuhi geti linaachwa wazi, mbwa anatoka kwenda jalalani, na mtoto wa jirani anapita hapo akielekea madrasa. Yule ambaye imani yake imemweka mbali na mbwa ndiye anayelipia uzembe wa mwenye mbwa. Naomba mwenye kuona kwamba hapo hapana dhambi anieleze amri ya kumpenda jirani inasema nini.

Wala mtu asiseme kwamba kazi hii inawafaa wapenda mbwa tu, yaani Wazungu. Kisiwani Pemba, ambako karibu watu wote ni Waislamu, kampeni za kuchanja mbwa ziliuondoa ugonjwa huu mwaka 2014. Ulirudi mwaka 2016, watu wakachanja tena, na kufikia mwishoni mwa mwaka 2018 ulikuwa umetoweka kwa mara ya pili. Hao hawakuombwa kuwapakata mbwa. Walitaka kuokoa watoto wao, na hilo lilitosha. (Nikumbushe pia kwamba mapokeo yao yenyewe yanasimulia juu ya mtu aliyesamehewa dhambi kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu.)

Wapo wanaonishauri kwamba njia fupi ni sumu: mbwa koko wauawe, mambo yaishe. Hayaishi. Wataalamu wameeleza tena na tena kwamba kuua mbwa ovyo hakukomeshi kichaa. Wanaouawa nafasi yao huchukuliwa haraka na watoto wa mbwa wasio na kinga, na katika msako huo hufa hata wale waliokwisha kuchanjwa. Njia iliyo bora ni kumhasi dume na kumfunga jike kizazi, kazi ambayo hufanywa na daktari wa mifugo, kuliko kungoja azae kisha kuwatia watoto wake katika kiroba na kuwatupa ziwani. Kitendo hicho kinafanyika, na wanaokifanya wanajijua.

Kuhusu malezi ya kila siku nitasema machache. Oili chafu ya gari si dawa ya upele. Inaichoma ngozi ya mbwa na kumtilia sumu mwilini. Panadol inamwua paka, hata kipande kidogo, kwa maana mwili wake hauwezi kuisafisha, usimpe. Dawa ya minyoo mpe mbwa wako kwa ushauri wa mtaalamu, kwa sababu baadhi ya minyoo yake huwapata watoto wanaochezea mchanga. Na mbwa anayefungwa mnyororo mfupi juani tangu alfajiri hadi magharibi, bakuli lake la maji likiwa kavu, anageuka mkali kwa kila apitaye. Ukali huo tunausifu tukiuita ulinzi. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa wanyama, ingawa sijui ni wangapi kati yetu tumewahi hata kuisikia.

Maandiko hayamdharau mnyama huyu kama sisi tunavyomdharau. Katika Kitabu cha Tobiti, kijana Tobia anasafiri na malaika Rafaeli, na mbwa anafuatana nao. Katika Injili ya Luka, sura ya 16, Lazaro amelala mlangoni akiwa na vidonda, na waliomkaribia ni mbwa. Yule tajiri hakutoka. Kwa hiyo anayetumia maskini kama kisingizio cha kumtelekeza mbwa ajiulize ni lini mara ya mwisho yeye mwenyewe alitoka mlangoni.

Wenye kujivunia Gombe nao wana la kutafakari. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa uliwaua simba wapatao theluthi moja kule Serengeti, na wataalamu waliona kwamba chanzo chake ni mbwa wa vijijini wasiochanjwa. Hata hapa kwetu, mwaka 1966, sokwe wa Gombe walipatwa na ugonjwa uliofanana na polio wakati ambapo polio ilikuwa miongoni mwa watu. Magonjwa hayaoni mpaka wa hifadhi. Jane Goodall, aliyefariki tarehe 1 Oktoba 2025, alipenda kusema kwamba mwalimu wake wa kwanza kuhusu akili na hisia za wanyama alikuwa mbwa wa utotoni mwake aitwaye Rusty.

Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni tarehe 28 Septemba, na Mtakatifu Fransisko wa Asizi tunamkumbuka tarehe 4 Oktoba. Naomba viongozi wa jumuiya ndogo ndogo waandike idadi ya mbwa na paka katika kila kaya, za wasio Wakatoliki pia wakikubali, ili tumwombe daktari wa mifugo afike uwanjani kwetu na chanjo katika juma hilo. Wanaotaka baraka kwa wanyama wao nitawapa kwa furaha, lakini nitaomba kwanza kuiona kadi ya chanjo. Na atakayeng'atwa kabla ya siku hiyo, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama mbwa mwenyewe ni wa paroko.