Usiuze Ua wa Wazee

Ndugu zetu wengi wa Tanga, Pangani na vijiji vya mwambao huu, wanapojaaliwa kupata fedha, hutaka kwanza kuitengeneza nyumba ya wazee. Nia hiyo ni njema. Ni aibu kuiacha nyumba ya mirathi ianguke kwa kuwa kila mrithi anamngoja mwenzake aanze kutoa. Lakini tazama yanayofuata! Ua hujazwa vyumba vya kupangisha, madirisha makubwa hufunguliwa njiani, na kuta za kale hupigwa lipu ya saruji. Kisha tunaambiwa: haya ndiyo maendeleo.

Sisi tunasema sivyo.

Ua si kiwanja kilichobaki bure. Ndipo nazi inapokunwa, ukili unaposukwa, na mama anapokaa bila ya buibui akapunga upepo. Katika Surat An-Nahl, aya ya 80, Mwenyezi Mungu anazitaja nyumba zetu kuwa neema ya utulivu. Na katika Surat An-Nur, aya ya 27, anatukataza kuingia nyumba za wenzetu bila ya idhini na salamu. Basi ikiwa mgeni haingii ila kwa kubisha hodi, vipi sisi wenyewe tuyafungulie macho ya kila mpita njia? Mwisho wake madirisha yale mapya hufungwa mchana kutwa, na watu wa nyumbani wakabaki katika fukuto la kaskazi.

Wako wanaosema kuwa ua ulikuwa jela ya wanawake. Vyema, na waulizwe wanawake wenyewe! Ni nyua ngapi zilizovunjwa kwa shauri la bwana na fundi wake, na yule anayeshinda humo tangu alfajiri hadi isha hakuulizwa neno? Kushauriana tulikoamrishwa hakuishii msikitini.

Na hiyo saruji? Ukuta wa matumbawe na chokaa hunywa unyevu na kuutoa. Ukiuvika saruji ngumu, unyevu na chumvi hufungika ndani. Baada ya masika machache lipu hubanduka, na ncha za boriti huoza. Saruji ya kisasa ilisajiliwa Uingereza mwaka 1824. Wakati huo kuta za msikiti wa Tongoni, za matumbawe na chokaa, zilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 300. Wala hapana haja leo ya kuchoma matumbawe ya baharini: mapango ya Amboni yenyewe ni mawe ya chokaa.

Hatusemi watu warudi kwenye kibatari. Tia umeme, vuta bomba, ezeka upya paa linalovuja, jenga choo safi pembeni mwa ua, mbali na kisima. Warithi nao waandike nani ametoa nini, isije ikawa fitina kesho. Na mwenye nyumba ya udongo asione haya: ua wa makuti yaliyosukwa vyema una sitara ile ile ya ukuta wa tajiri.

Kodi ya vyumba viwili itaingia mfukoni kila mwezi, hatukatai. Lakini itanunua upepo gani, na sitara gani? Ewe ndugu, kabla hujamkabidhi fundi nyundo, kaa uani jioni moja na watu wako, uwasikilize.

Wabillahi tawfiq.