Chupa ya Abiria na Bomba la Wote

Mwezi wa Februari, 2024, meli ya watalii iitwayo Norwegian Dawn, iliyokuwa imetoka Afrika ya Kusini, ilifika mbele ya bandari ya Port Louis, Mauritius, nayo ikanyimwa ruhusa ya kuingia. Ndani yake walikuwamo abiria 2,184 na mabaharia na watumishi 1,026. Watu wapatao 15 walikuwa wametengwa kwa maradhi ya tumbo. Wakuu wa Mauritius, wakijua kwamba kipindupindu kilikuwa kimeenea katika nchi kadhaa za kusini mwa Afrika, waliona ni heri kulaumiwa kwa kuwachelewesha watalii kuliko kulaumiwa kwa kuzika raia. Vipimo vilichukuliwa, kipindupindu hakikuonekana, na tarehe 27 meli ikafunga gati.

Wako waliowacheka watu wa Mauritius kwa hofu yao. Sisi hatuwacheki. Bahari ile ni yetu pia. Meli za namna hiyo hutia nanga Unguja na Mombasa, na watu wanaozipokea, yaani wapagazi, madereva wa teksi, wauza viungo na wachukuzi wa takataka, ni ndugu zetu. Kwa hiyo habari za usafi ndani ya meli hizo si habari za matajiri peke yao, na jambo tunalotaka kulichambua leo, ingawa kwa umbo ni dogo kama chupa ya maji, si dogo kwa maana yake.

Abiria wa siku hizi hupanda meli na chupa yake mwenyewe, ya chuma au ya plastiki ngumu, ya kujazwa na kujazwa tena. Nia yake ni njema, nasi twaisifu. Meli kubwa ni mji unaoelea, na mji huo huzaa takataka kila saa. Mkataba wa MARPOL, katika kiambatisho chake cha 5, umekataza tangu mwisho wa mwaka 1988 kutupa plastiki baharini mahali popote pale. Hata hivyo, mwaka 2019 kampuni ya Carnival ilitozwa dola milioni 20 katika mahakama ya Marekani kwa kuvunja masharti ya uangalizi wa mahakama, na moja katika makosa yaliyokiriwa lilikuwa kumwaga plastiki iliyochanganyika na mabaki ya chakula katika maji ya Bahamas. Uangalizi wenyewe ulitokana na kosa la kampuni yake tanzu, Princess, iliyokuwa imekubali mwaka 2016 kulipa dola milioni 40 kwa kumwaga baharini maji machafu ya mafuta na kulificha kosa hilo. Chupa isiyonunuliwa haina mtu wa kuitupa. Nasi tuliokwisha kuikataza mifuko ya plastiki, Kenya mwaka 2017 na Tanzania Bara mwaka 2019, hatuna haki ya kumbeza abiria huyu.

Tena maji ya melini si maji ya kuogopwa. Meli kubwa hujitengenezea maji ya kunywa kutokana na maji ya bahari, ama kwa kuyachemsha na kukusanya mvuke wake, ama kwa kuyasukuma kwa nguvu katika vichujio vyembamba mno. Na mengine hupakiwa bandarini. Kisha hutiwa klorini. Wakaguzi wa afya wa Marekani hudai kwamba hata katika bomba lililo mbali kabisa na matangi pabaki klorini isiyopungua miligramu 0.2 katika kila lita. Basi abiria anayeuziwa maji ya chupa katika meli iliyotunzwa vizuri mara nyingi ameuziwa hofu.

Lakini wema wa chupa huisha mara mdomo wake unapogusa bomba.

Sisi tuliolala katika mabweni ya misheni twaikumbuka kata iliyotundikwa juu ya mtungi. Sharti lilikuwa moja tu: maji huchotwa kwa kata, humiminwa katika kikombe chako, nawe hunywa katika kikombe. Aliyethubutu kuitia kata mdomoni aliuosha mtungi wote peke yake, na maji mapya aliyafuata mwenyewe mtoni. Hapana aliyetueleza habari za virusi. Wala desturi hiyo haikuletwa na misheni. Bibi zetu walikuwa nayo kabla kengele ya kwanza haijapigwa pale. Kata ni ya wote, kikombe ni cha mmoja, na vya mmoja havigusi vya wote.

Sharti la melini ni hilo hilo. Chupa ya abiria imeshinda kutwa mkononi, mfukoni, juu ya kiti cha kando ya bwawa, na mdomoni. Akiisukuma chini ya bomba la ukumbi wa chakula mpaka shingo ya chupa ikagusa chuma, amewaachia wote wanaomfuata chochote alichokuwa nacho. Njia iliyo salama ni kutwaa bilauri safi, kuijaza bombani, kisha kumimina maji katika chupa mbali na bomba, na ile bilauri kuiweka kando ioshwe. Arudipo tena, atwae bilauri nyingine. Baadhi ya meli zimeweka mabomba marefu ya kujazia chupa, ambayo maji hushuka toka juu bila kuguswa. Hayo ndiyo yafaayo. Na chupa yenyewe sharti ioshwe kwa sabuni na maji ya moto kila siku, pamoja na kifuniko chake na zile pete za shingoni ambamo uchafu hujificha, kisha iachwe wazi ikauke. Chupa inayojazwa wiki nzima bila kuoshwa haina tofauti na mtungi wa mvivu.

Adui anayeogopwa hapa ni norovirusi. Jina lake latokana na mji wa Norwalk, Ohio, ambako watoto wa shule waliugua mwaka 1968. Kirusi chenyewe kilionekana kwa darubini mwaka 1972. Humshika mtu saa 12 hadi 48 baada ya kumwingia, humtapisha na kumharisha siku moja hadi tatu, na aliyepona huweza kuendelea kukitoa kwa wiki mbili na zaidi. Vijidudu vichache mno vyatosha kumwangusha mtu mzima. Hubaki juu ya vyuma vya ngazi, vitasa vya milango na vijiko vya kupakulia. Na jambo ambalo wasafiri wengi hawajui ni kwamba ile dawa ya mikono yenye spiriti, inayonyunyizwa kwenye milango ya kumbi za chakula, haimwezi vizuri adui huyu. Sabuni na maji yatiririkayo kwa muda wa sekunde 20 ndiyo silaha. Kuweka kichupa cha spiriti mlangoni na kuiweka beseni ya kunawia ghorofa mbili chini ni kumfariji abiria bila kumkinga.

Yatupasa pia kusema kweli yote. Meli zina sifa mbaya kupita kiasi chake. Wakaguzi wa Marekani hutangaza kila safari ambamo asilimia 3 au zaidi ya abiria au ya watumishi wameugua tumbo. Mwaka 2023 walitangaza safari 14, mwaka 2024 safari 18. Lakini taasisi yao hiyo hiyo yasema kwamba katika milipuko yote ya norovirusi inayoripotiwa nchini humo, meli zina asilimia 1 tu. Zaidi ya nusu hutokea katika hospitali na nyumba za kutunzia wazee. Meli hutajwa kwa sababu imelazimishwa kujitaja. Laiti kila hoteli ya pwani ingelazimishwa vivyo hivyo!

Sasa tuitazame historia kidogo, maana inafundisha. Katika treni na shule za Marekani palikuwa na kikombe kimoja cha bati cha kunywea watu wote. Mwaka 1909 Dr. Samuel Crumbine, mkuu wa afya wa jimbo la Kansas, alikipiga marufuku kwa sababu ya kifua kikuu, na majimbo mengine yakamfuata. Miaka hiyo hiyo kilibuniwa kikombe cha karatasi cha kutumiwa mara moja na kutupwa. Yaani chombo cha kutupwa, tunachokilaani leo, kilizaliwa na usafi, wala si uvivu. Hapo ndipo wanaohimiza chupa za kujazwa tena husahau. Ukikiondoa kikombe cha karatasi pasipo kuweka badala yake maji ya moto, sabuni, bilauri za kutosha na bomba lisiloguswa, hukusonga mbele. Umerudi kwenye kikombe cha bati.

Na vitu hivyo vyote vina gharama, nasi twauliza gharama hiyo imetwikwa nani. Kampuni isiyonunua tena maelfu ya chupa na vikombe vya kutupa yapata faida. Bilauri zilizoongezeka huoshwa na mtu. Mabomba hufutwa kwa dawa na mtu, na mtu huyo mara nyingi ni kijana wa Ufilipino, Indonesia au Uhindi aliye mbali na nyumbani kwa miezi mingi. Mkataba wa kazi za baharini wa mwaka 2006, ulioanza kutumika mwaka 2013, wataka apumzike saa zisizopungua 10 katika kila 24, na 77 katika kila siku saba. Hesabu hiyo yaruhusu kazi ya siku ndefu sana hata pale sheria inapofuatwa barabara. Akiongezewa kazi ya kuosha bila kuongezewa mwenzake, ataiosha bilauri kama aoshavyo mtu aliyechoka.

Liko tena jambo la ugonjwa wake. Kanuni za wakaguzi wa Marekani zamtaka mgawa chakula aliyeugua tumbo atengwe mpaka zipite saa 48 bila dalili. Ni kanuni ya haki kwa abiria. Kwa mtumishi, mkataba wamhakikishia mshahara wake akiwa mgonjwa melini, lakini mahali ambapo sehemu kubwa ya pato ni bakshishi, bakshishi haimfuati kitandani. Basi ataumwa kimya, atameza vidonge, naye ataendelea kushika sahani. Kampuni inayotaka meli safi na ilipe siku hizo kwa ukamilifu. Tulionyeshwa mwaka 2020, katika meli ya Diamond Princess kule Yokohama, yenye watu 3,711, ambao zaidi ya 700 walipatwa na korona: abiria walifungiwa vyumbani, na watumishi waliendelea kuwapelekea chakula mlango kwa mlango, kisha wakarudi kulala katika vyumba vya kushirikiana.

Kwa upande wetu wa pwani, kazi haipo melini bali gatini. Meli ikiomba maji, mpira wa kupitishia uwe wa maji ya kunywa tu, miisho yake ifunikwe, usiburutwe juu ya sakafu, na maji yapimwe kabla ya kuingia tangini. Na kabla abiria hawajashuka, nahodha hujaza tamko la afya kwa mujibu wa Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005. Mna swali ndani yake linalouliza kama idadi ya abiria walioumwa safarini imezidi ile ya kawaida, na ni wangapi. Afisa wa afya wa bandari na alisome jibu hilo mwenyewe, kwa sauti, mbele ya nahodha, ngazi ikiwa bado juu.