Mzee Mwenye Kisukari Si Mkaidi

Nimechoka kusikia wazee wenye kisukari wakiitwa wakaidi. Hapa Bombambili neno hilo linatoka kwa watoto wao wa kuwazaa, linatoka kwa majirani, na, aibu iliyoje, hata kwa watu waliosomeshwa kutibu. Sukari ikipanda, mshitakiwa ni mzee: hufuati masharti, umeacha dawa. Hakuna anayemuuliza jana alikula nini, wala dawa zilimwishia lini.

Tazameni tunachomwagiza. Mtu wa miaka 72, macho yameingia ukungu, anapewa bahasha tatu za kaki zilizoandikwa 1x2, 1x1, 2x1. Anaambiwa apunguze ugali na aongeze mboga, ilhali hapa kwetu Ruvuma mahindi ndiyo yaliyomo ghalani, na chakula cha mchana kinasubiri mjukuu atoke shule. Dawa zikiisha, arudi kwenye foleni alfajiri, tumbo tupu, apimwe kabla hajaonja chai. Kijana mwenye nguvu zake angechoka mapema kuliko yeye.

Linaloniumiza zaidi ni hili. Glibenklamidi, kidonge tulichokizoea miaka mingi, kinaweza kuishusha sukari ya mzee hadi aanguke, hasa akiwa hajala au figo zake zikiwa dhaifu. Orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani inaeleza wazi kwamba hakifai kwa waliovuka miaka 60, na badala yake inaweka dawa nyingine, gliklazidi. Sasa bibi aliyemeza kidonge bila kula, akatokwa jasho, akatetemeka, akaanguka uani, halafu akaogopa kukigusa tena, ana ukaidi gani? Alihitaji kubadilishiwa dawa. Tukamkaripia.

Wala msiniambie haiwezekani. Nchi hii hii imeweza kwa wanaoishi na VVU: aliyetulia kwenye dawa hupewa za miezi kadhaa kwa mara moja, bila malipo, na asipofika kliniki anatafutwa hadi nyumbani. Ndiyo, fedha nyingi za kazi hiyo zilitoka Marekani na Mfuko wa Dunia. Kisukari hakikupata mfadhili wa aina hiyo, kwa hiyo wazee wetu wangoje nani? Sera ya Taifa ya Wazee tunayo tangu 2003. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023. Lakini utafiti wa kitaifa wa 2012, uliokuta kisukari kwa takriban asilimia 9 ya watu wazima, ulipima wenye miaka 25 hadi 64. Waliozidi hapo hawakuhesabiwa kabisa!

Mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii ulizinduliwa Januari 2024. Hao wapite kwa wazee wakiwa na mashine ya kupimia sukari. Mzee aliyetulia apewe dawa za miezi mitatu kwenye kituo cha karibu, na bahasha iandikwe "asubuhi, baada ya kula" kwa herufi kubwa. Nanyi watoto mlioko Dar es Salaam, mnaotuma hela ya mbolea kila msimu, mchagueni mtu mmoja hapo nyumbani wa kuhakikisha mzee amekula kabla ya kumeza dawa, kisha mpigieni simu kila jioni mumuulize.